Magongo Yaliyomsindikiza Kocha Ogutu

Kila anayeingia dukani kwangu kuchukua nguo ananiuliza swali lile lile: "Boke, kwani huko Mfangano kulitokea nini? Tumesikia Jakom alinyamazishwa." Nimesimulia mpaka sindano ikanichoma kidole, na kila nikifika katikati mtu ananikatiza anipe maoni yake kuhusu mabeki. Sasa naandika. Kwenye karatasi hamtaweza kunikatiza.

Wengi wenu mnatujua, lakini kwa mgeni niseme kidogo. Mimi ni fundi wa nguo hapa Migori mjini, Mkuria, na ndiye ninayeshona sketi za timu ya mpira wa magongo ya shule yetu ya wasichana. Sijawahi kucheza mchezo huo hata siku moja. Nilikwenda uwanjani mara ya kwanza kuona kama mishono itashika, nikarudi sina sauti kwa kupiga kelele. Jakom ndiye mwenyekiti wa sisi mashabiki. Jakom ni mwenyekiti kwa Kijaluo, na jina lake lenyewe nadhani hata mkewe amelisahau. Ana pikapu kuukuu, ana sauti, na ana maoni. Kocha Ogutu, Mungu amrehemu, alikuwa kocha wetu, na yeye na Jakom walibishana baada ya kila mechi, tushinde au tufungwe, mpaka chai inapoa na mwenye hoteli anataka kufunga. Mimi nilidhani hawapendani.

Halafu ikaja fainali kule Homa Bay. Kipa wetu mkubwa aliumia goti kwenye nusu fainali, kwa hiyo golini akawekwa Akinyi, msichana wa kidato cha pili ambaye hakuwa amedaka mechi kubwa. Tulitangulia kufunga. Kipindi cha pili, Kocha Ogutu akawarudisha wachezaji wote nyuma, hata mfungaji wetu, wakajazana mbele ya goli ndani ya ile nusu duara. Tukashambuliwa mpaka tukafungwa la kwanza, kwa kona fupi, na mwisho mwisho kabisa tukafungwa la pili. Jakom alishika waya wa uwanja akapaza sauti: "Ogutu, wewe ni mwoga!" Watu wote wakasikia. Neno hilo halikubaki uwanjani.

Shule ikamwambia kocha apumzike. Akaenda kukaa kwa dada yake Homa Bay, na kabla hatujamaliza hata kugombana kuhusu fainali, tukasikia presha imempanda na amefariki. Mama yake yuko kisiwani Mfangano. Alimpigia Jakom simu, akamwambia: njooni mumzike mwenzenu, na mmoja wenu asimame mbele ya watu aniambie kama mwanangu alikuwa mwoga. Maana neno lile lilimtangulia. Lilifika kisiwani kabla ya jeneza.

Hilo ndilo tulilokwenda kujibu.

Migori hadi Ndhiwa

Mashabiki wengine walitangulia kwa basi la shule. Sisi watatu tulibaki na pikapu kwa sababu ya magongo. Tulitaka kumpangia kocha mistari miwili ya magongo yaliyopishanishwa juu, apite chini yake, kama tunavyowapokea wageni wa timu. Mkuu wa shule aliyatoa shingo upande, na mimi kwa kiherehere changu nikaapa yatarudi yote. Nikayafunga kwa kitambaa cha meza nikayalaza nyuma ya pikapu.

Wa tatu alikuwa Akinyi. Alikuja dukani kwangu asubuhi amevaa sare, macho yamevimba, akasema tu, "Anti, na mimi naenda." Tangu fainali hakuwa ameshika gongo. Alikaa katikati yetu, mimi huku, Jakom kule, na tukaanza kugombana juu ya kichwa chake kabla hata hatujatoka mjini.

"Jakom, utasema nini mbele ya yule mama?" nikamuuliza.

"Nitasema ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba alikosea. Nyar Kuria, unataka nimdanganye mama wa marehemu, na marehemu mwenyewe atakuwa amelala pale anasikia?" Nyar Kuria ni binti wa Kikuria, ndivyo anavyoniita.

"Asiyekuwepo na lake halipo. Mtu hawezi kujitetea, wewe bado unamshtaki! Ulimwita mwoga akiwa hai, hujatosheka?"

Jakom akaongeza mwendo. Pikapu ile ukiongeza mwendo inaongeza kelele tu.

Tulipopita Uriri polisi wakatusimamisha. Mmoja akainua kitambaa, akarudi nyuma hatua. Mjue siku hizo kulikuwa na maneno maneno ya mifugo kuibiwa, na hapa kuna Mkuria, Mjaluo, na mzigo wa vitu vimepinda mwisho.

"Hizi rungu zote mnapeleka wapi?"

"Matanga," akajibu Jakom.

Jamani! Kuna jibu baya kuliko hilo? Tukashushwa. Nikaeleza hoki ni nini, nikatoa gongo moja nikaonyesha jinsi mpira unavyosukumwa, pale pale kando ya lami, na sketi yangu ya matanga. Afisa yule akaanza kucheka. Akauliza ni timu gani. Tulipomtajia, akakunja uso.

"Ni nyinyi mlifungwa fainali? Yule kocha wenu aliyejaza watu golini?"

"Ndiye tunayekwenda kumzika," nikasema.

Alivua kofia. Akafunika magongo mwenyewe kwa kile kitambaa, polepole, akasema poleni sana. Lakini tulipokuwa tunaondoka hakuweza kujizuia, aliinama dirishani akamwambia Jakom kwamba hata yeye angemwacha namba tisa mbele. Jakom akanitazama kwa ushindi. Akinyi alikuwa ameangalia miguu yake.

Ndhiwa: chumvi na vijiti vya meno

Awendo tuliacha lami tukakata katikati ya mashamba ya miwa. Tulikwama nyuma ya trela la miwa lililopinda mhimili, tukakaa hapo hadi njaa ikatuuma. Ndhiwa tulifika mchana umekwenda. Tukaingia hoteli moja ya karibu na soko, wakatuletea samaki aina ya ngege wa kukaangwa na kuon, ugali wao ule mgumu unaosimama wenyewe. Sisi Wakuria tunajua ugali, lakini ule ulinishinda.

Nilidhani chakula kitatuletea amani. Wapi! Jakom alisogeza sahani akatengeneza uwanja mezani. Kichupa cha chumvi kikawa kipa. Vijiti vya meno vikawa mabeki, akavirundika vyote mbele ya chumvi.

"Tazama sasa. Huyu kipa anaona nini? Haoni kitu! Mpira unatokea kwenye miguu ya watu wake mwenyewe ukiwa umeshafika. Ogutu aliua! Aliwaweka pale wote, akawaua wote!"

Msichana aliyekuwa akituhudumia alisimama na jagi la maji mkononi. Mama mmoja wa meza ya pili akatuuliza kwa upole kama aliyeua ameshakamatwa.

Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikaendelea kulia bila kicheko, maana nilikumbuka yule tunayemzungumzia yuko mochari. Jakom alikuwa akimweleza mama yule kwamba ni mchezo, ni mchezo tu, mama, hakuna aliyekufa. Kisha akasikia alichokisema.

Akinyi alinyoosha mkono katikati ya vile vijiti, akachukua chumvi, akanyunyiza kwenye samaki wake, akairudisha mahali pale pale. Samaki hakumgusa. Nilimsukumia maji nikamwambia, "Kunywa basi, mwanangu." Akanywa kidogo.

Homa Bay: uwanja ule

Mochari walitungoja kwa hasira kwa sababu tulichelewa. Wale wa basi walikuwa wameshaimba nyimbo zao zote wakarudia. Nilimwona Kocha Ogutu kupitia kioo cha jeneza. Walimvalisha koti la timu, nililolishona mimi, na kola upande wa kushoto ilikuwa imekunjika. Nilitaka kuinyoosha na kioo kikanizuia. Hiyo kola inaniudhi mpaka leo.

Dereva wa gari la maiti alitaka kunyoosha moja kwa moja hadi Mbita. Mashabiki wakamwomba apite kwanza penye uwanja wa fainali, kocha aage. Akakubali. Tukafika, na uwanja wenyewe ulikuwa umejaa ng'ombe wa mtu. Jeneza halikushushwa, mlango wa nyuma tu ndio uliofunguliwa, ukaelekezwa kwenye lile goli la upande wa chini, tulipofungiwa.

Tungeomba tukaenda zetu. Lakini mtu mmoja, simtaji, akasema, "Kona ile ilipigwa kutoka hapa," na moto ukawaka. Wengine wakasema angewaacha washambulizi mbele wale wapinzani wasipate nafasi ya kupanda. Wengine wakasema hapana, ukiwa na kipa mchanga lazima ulinde. Mmoja akatembea hatua kutoka kwenye mstari, mwingine akamwambia hatua zake ni za bata. Walisimama wakagawanyika makundi mawili katikati ya ng'ombe, wakionyeshana vidole, na mlango wa gari la maiti umewafungukia.

Mama mmoja mwuza njugu alisimama na beseni lake kichwani akisikiliza. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Huyo ndani ni nani?"

"Ni kocha."

"Ndiye wanayemgombania?"

"Ndiye."

"Si wangemgombania hivi akiwa hospitali," akasema, akaenda zake.

Nilirudia maneno yake kwa sauti ili kila mtu asikie. Makelele yakafa. Jakom alikwenda akafunga ule mlango wa gari mwenyewe, taratibu, na mkono wake ukabaki pale juu ya mlango. Nikaona anaongea peke yake, midomo tu inacheza. Nilidhani anaomba. Baadaye aliniambia alikuwa anamwuliza, "Kwa nini, bwana? Kwa nini ulifanya vile?"

Mbita: kungoja ziwa

Tulilala Mbita kwa sababu ziwa lilikuwa limekasirika, na asubuhi bado lilikuwa limenuna. Wenye boti wakasema jeneza haliwezi kupakiwa mpaka mawimbi yashuke. Tukakaa ufukweni na chai na mandazi, jeneza kivulini chini ya turubai, na wapita njia wakawa wanasimama kutupa pole. Mos, mos, wanasema, na wanakushika mkono kwa mikono miwili. Nilizoea mpaka nikaanza kuitikia mos kabla hawajasema.

Mimi Kijaluo changu ni cha sokoni. Najua bei na matusi. Ilibidi Akinyi awe mkalimani wangu, na kazi hiyo ilimfungua mdomo kidogo. Kila mtu akisema kitu, ananong'ona sikioni mwangu, neno kwa neno, hata kikohozi angekitafsiri kama angeweza. Mtu akija na jambo refu, ananiambia, "Anti, subiri, hajamaliza." Nilifurahi kusikia sauti yake.

Boti ilipokubali kuondoka niliona ajabu. Mimi niliyezaliwa kwenye milima na ng'ombe niliingia nikaketi. Jakom, Mjaluo mzima, alisimama ufukweni ameshika koti la kujiokolea akilitazama kama limemtukana.

"Jakom, ingia!"

"Naingia."

"Mjaluo gani anaogopa maji?"

"Sisi wa Uriri hatuna ziwa, Nyar Kuria! Tuna mto, na mto una daraja!"

Hata waliokuwa wameshika jeneza walicheka. Aliingia mwishowe, akakaa chini kabisa akiwa ameshika mpini wa jeneza kwa mkono mmoja. Hakuuachia njia nzima. Kila wimbi likitupiga, anauvuta kwake. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu mtu alimpenda yule.

Mfangano

Kisiwa kilitupokea na ng'ombe. Wanaume walikuwa wameshuka nao hadi karibu na maji, na matawi, na fimbo, wanapiga mbio huku na huku wakipiga kelele. Akinyi alinieleza kwamba ni desturi ya kufukuza kifo, wanaiita tero buru: kifo kimeingia nyumbani, wanaume wanakitimua kwa fimbo kirudi kilikotoka.

Mimi nilikuwa nafungua kitambaa cha magongo ili tupange ile mistari yetu miwili. Sikuwahi. Wale wanaume waliona mzigo mzima wa fimbo umeletwa kutoka Migori, wakadhani tumewaletea. Wakayachukua! Magongo yote! Kufumba na kufumbua, magongo ya shule yalikuwa yanapanda mlima mikononi mwa watu nisiowajua, yanapiga vichaka, yanapiga mawe, yanapiga vumbi.

"Magongo yangu! Rudisheni! Uwiii, magongo yangu jamani!"

Nikakimbia. Nilitupa viatu nikawakimbilia mlima ule wote nikipiga mayowe, mikono hewani, kilemba kimeniponyoka. Wanawake wakanishangilia. Wakaanza kukimbia na mimi, wawili, watatu, kisha kundi zima, wanalia nami. Tulipofika juu bibi mmoja alinikumbatia akasema kitu kwa machozi. Akinyi alifika nyuma yangu akihema.

"Anasema hajawahi kuona mgeni akimlilia mtoto wao hivi. Anasema Wakuria ni watu wa moyo."

Nyinyi mngefanya nini? Nilimkumbatia nami. Na haki ya Mungu, nikiwa pale kifuani mwa bibi yule nisiyemjua, yale mayowe ya magongo yaligeuka yakawa ya kweli. Nilimlilia Ogutu. Nililia kola yake.

Bomani mambo yakapangwa. Mshika maikrofoni aliwaita jamaa, akawaita walimu, watu wakasema yao. Mama yake kocha alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, hakulia. Nami nilijua anamngoja nani.

Jakom akaitwa. Alivua kofia. Akinyi akaniegemea sikioni akaanza kutafsiri.

"Anasema, Mama, umeuliza swali na sitakudanganya mbele ya mwanao. Anasema neno lile la mwoga ni mimi niliyelitoa, hakuna mwingine. Nililitoa kwa hasira. Mwanao hakuwa mwoga. Mwoga hawezi kunijibu mimi kila wiki kwa miaka yote hiyo."

Nikapumua. Nikasema asante Mungu, aishie hapo. Hakuishia.

"Anasema, lakini alikosea. Tulikuwa mbele kwa bao moja. Aliwarudisha wote nyuma, wakamziba kipa. Kipa hakuuona mpira. Ningesema vingine, ningekuwa nimekudharau."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasimama kutaka kumnyang'anya maikrofoni. Jakom akageukia jeneza.

"Anamwambia kocha," Akinyi akanong'ona, "Ogutu, hii ni zamu yako. Mimi nimesema. Kila siku nikisema, wewe unajibu. Amka unijibu, bwana. Unaniacha nibishane na nani?"

Hakuna aliyemnyang'anya tena. Yule mama aliinuka, akashika kiti kidogo, akasimama. Akauliza kitu kifupi.

"Anamwuliza, umemaliza? Anasema, basi nitakujibu mimi."

Alisema hajui magongo, hajawahi kuyaona mpaka leo yalipopanda mlima wake. Watu wakacheka kidogo. Alisema mwanawe alimpigia simu baada ya kila mechi, na siku zote alimwambia, Mama, leo Jakom atasema hivi, na mimi nitamjibu hivi. Kwa hiyo yeye anamfahamu Jakom siku nyingi. Siku ya fainali alimpigia akiwa bado uwanjani, na mama akawasikia watu wakizomea. Akamwuliza, mwanangu, mbona wamekukasirikia? Naye akamwambia...

Akinyi akanyamaza.

Mama aliendelea kusema. Nikamgusa Akinyi. "Anasema nini?" Alikuwa ameshika kanga yangu kwa ngumi zote mbili. Mashabiki wetu, mmoja mmoja, walikuwa wanageuza vichwa kumtazama, kisha wanatazama chini haraka. Mama alimaliza, akakaa. Jakom alibaki amesimama na maikrofoni mbele ya tumbo. Ndiyo, mliosikia kwamba alinyamazishwa mlisikia kweli. Alimrudishia mshika maikrofoni chombo chake, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti kile, na yule mama akamwekea mkono kichwani.

Tukazika. Magongo nayo yalirudi, yamechubuka, mikononi mwa watu wale wale, nao bila kuambiwa na mtu walisimama mistari miwili wakayainua, na Ogutu akapita chini yake kwenda kaburini. Nilimwuliza Jakom mama alisema nini. Akatikisa kichwa. "Muulize mtoto," akasema, "na ukimwona hataki, mwache."

Nikamwacha.

Kurudi

Ziwa lilikuwa tulivu. Boti ilikuwa nyepesi mno bila jeneza, na Jakom hakuwa na cha kushika, kwa hiyo nilimpa mkono wangu. Kisiwa kilipokuwa kimebaki nyuma sana, Akinyi akaniambia, "Anti, kuna mahali niliachia."

"Niambie ukitaka."

Akatazama maji. Akasema kwa sauti ile ile ya mkalimani, neno kwa neno, kama mtu anayemaliza kazi aliyopewa.

"Mama alisema: mwanangu aliniambia, yule mtoto wa golini alikuwa anatetemeka. Nilimwona wakati wa mapumziko, alishindwa hata kufunga kamba za viatu. Nikajua tutafungwa. Nikawajaza wote mbele yake. Bao likiingia katikati ya watu wote wale, ni bao letu, na watanilaumu mimi, na mimi nimezoea. Likimkuta yule mtoto peke yake, ni lake mpaka azeeke."

Mashine ya boti ilikuwa inanguruma. Nilimvuta Akinyi nikamweka kifuani. Alilia kwa mara ya kwanza tangu Migori, kwa sauti, mpaka nahodha akapunguza mwendo akidhani kuna aliyeumia.

Jakom alikuwa anajifuta uso kwa kofia. "Bado alikosea," akasema. "Kimchezo, bado alikosea." Akasonya, akalia zaidi. "Lakini angeniambia! Hoteli ile, chai ile, mara ngapi? Angeniambia tu, ningenyamaza."

Akinyi aliinua kichwa. "Usingenyamaza, Jakom."

Jakom alikunja kofia yake. "Kweli," akasema. "Ningelisema sokoni kesho yake, nikimtetea. Na wewe ungelisikia."

Ndiyo maana hakusema. Alikuwa na jibu mfukoni siku zote zile tulizomwita mwoga, na hakulitoa, kwa sababu kulitoa ni kumwanika mtoto. Hapo ndipo nilipolielewa, katikati ya maji, na likaniuma vibaya sana.

Gongo moja halikurudi. Mkuu wa shule aliniuliza, nikamwambia liko na kocha, akaacha. Akinyi hajarudi golini na hakuna anayemlazimisha, ila Jumamosi huja dukani kunisaidia kuweka vifungo, na siku hizi anaongea.

Na Jakom mmemwona wenyewe kwenye mechi iliyopita. Alishika waya kama kawaida, mabeki wakapotea, akapaza sauti: "Kocha! Unawapangaje watu wako?" Kisha akageuka kutazama benchi, akangoja. Kocha mpya bado hajamjua Jakom, hata hakuinua kichwa. Jakom alingoja kidogo tena. Halafu akauachia waya, akaja akakaa kando yangu mpaka mechi ikaisha.